"Mbona watu hupita hapa siku zote?" Jibu hili la wavamizi wa mashamba linatumaliza

Wakuu, hili jambo limetufika shingoni. Mtu anakata seng'enge usiku, anapitisha ng'ombe kwenye mazao, akikutwa anajibu kwamba watu hupita hapo siku zote. Jibu hilo linaudhi kuliko waya uliokatwa, kwa sababu katika nchi nyingi ndilo linalomwokoa. Njia iliyotumika waziwazi, mfululizo, bila ruhusa na bila mwenye shamba kupinga kwa miaka iliyowekwa na sheria, inaweza kugeuka haki ya kupita. Ukinyamaza, miaka inahesabika.

Halafu soma ushauri mnaopeana: chimba shimo, tega waya gizani, unganisha uzio na umeme wa nyumba. Acheni! Mtego hautofautishi mwizi na mtoto anayefuata mbuzi wake, na atakayefungwa ni aliyeutega. Uzio wa umeme una mashine yake, inayotoa mpigo mfupi kila baada ya sekunde moja hivi, mtu akapata nafasi ya kuachia. Umeme wa nyumba unakaza misuli, mkono unang'ang'ania waya, mtu anakufa.

Anzeni na mpaka. Mpima ardhi aonyeshe vigingi kabla hujachimba hata shimo moja la nguzo ya uzio, maana ukiingia mita 1 kwa jirani, mvamizi ni wewe. Ukirudi nyuma mita 1, jirani atalima hadi kwenye waya, na baada ya miaka atadai hapo ndipo mpaka ulipo.

Na hawa mafundi wa uzio! Nguzo ya kona wanaifukia kina kilekile cha nguzo za kati, bila kitu cha kuitegemeza. Waya ukivutwa inainama, nyaya zote zinalegea, mtu anakanyaga mmoja, anainua mwingine, kapita. Nguzo za kona na za geti ziwe nene, ziende chini karibu mita 1, na ziwekewe nguzo ya mshazari upande ule waya unakovutia. Za kati sentimita 60 zinatosha, zikiachana mita 3 hivi. Udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, usimwagwe wote kwa mara moja.

Geti nalo linapigwa kufuli kubwa huku pini za bawaba zote mbili zikitazama juu. Wanaume wawili wanalinyanyua na kuliweka kando bila kugusa kufuli. Geuza pini ya juu itazame chini.

Kamera ifungwe juu, mita 2.5 hadi 3, iitazame njia kwa mshazari. Ikiitazama kutoka ubavuni, anayekimbia anakuwa ameshapita kabla picha haijapigwa. Fyeka majani mbele yake, na saa yake iwe sahihi, maana picha yenye tarehe ya uongo ni zawadi kwa wakili wa mvamizi.

Unaowaruhusu kupita wape ruhusa ya maandishi yenye tarehe ya mwisho, ubaki na nakala iliyosainiwa. Aliyepita kwa ruhusa yako ni vigumu kudai baadaye kwamba alipita kwa haki yake. Usiowataka waandikie katazo mbele ya mashahidi. Na tafadhali, msiunge waya uliokatwa kabla ya kuupiga picha na kupata namba ya taarifa polisi. Mnafuta ushahidi kwa mikono yenu wenyewe!