Kioo cha shaba: kinang'aa, lakini uso hauonekani vizuri

Fundi_Kalibu (Katwe, Kampala)

Salaam wandugu. Mimi ni fundi wa kuyeyusha, nipo Katwe. Kazi yangu ya kila siku ni masufuria ya alumini, na mara moja moja spea za mashine za kusaga mahindi.

Mwalimu wa Biblia wa kanisa moja hapa mjini ameniletea oda ya ajabu. Anataka kioo cha mkononi cha shaba tupu, kama vile vya Kutoka 38:8, pale wanawake walipotoa vioo vyao likatengenezwa birika. Anataka watoto wake wajitazame humo waone watu wa zamani walivyojiona. Kioo cha dukani chenye fremu ya dhahabu hakitaki.

Nimeyeyusha koki na vipande vya mabomba ya shaba ya njano, nikamwaga sahani ya upana wa kiganja, nikapiga msasa, halafu nikaitia kwenye gurudumu la kitambaa la grainda pamoja na sabuni ya kung'arishia. Inang'aa hadi jua linakuchoma macho. Lakini ukijitazama unakuta mtu wa manjano asiye na pua, na ukirudi nyuma hatua moja kichwa kinapinda.

Shida ni shaba yenyewe au ni mimi ninavyoing'arisha? Na hao wa zamani, bila umeme, walifanyaje? Msinielekeze duka la vioo, najua lilipo.

Mtoto_wa_Kilembe

Kata kipande cha sinki la chuma kisichoshika kutu, kisugue, mpe mwalimu. Kambini tulinyolea ndevu kwa vioo vya namna hiyo miaka yote na hakuna aliyejikata.

Fundi_Kalibu

Kaka, Musa hakuwa na sinki.

Mzee_wa_Masese (Jinja)

Kijana wa Katwe, kwanza weka hilo gurudumu la kitambaa chini. Tutalirudia.

Mimi nilikuwa kwenye tanuri la shaba hapa Jinja enzi zile shaba ya Kilembe, ule mgodi wa magharibi mwa Uganda, inakuja kwa treni kutoka Kasese na kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Kwa hiyo shaba ikiwa maji naijua, hasira zake nazijua. Lakini shaba nyekundu peke yake haitoi kioo cha kujisifia, na hiyo ya njano ya koki ndiyo inakupotezea muda kabisa. Ni laini, rangi yake haitatoka hata ukisugua hadi Krismasi, na zinki iliyomo inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta unalala na homa usiku huo huo.

Unachokosa ni bati. Nasema bati lenyewe, ile metali nyeupe laini, siyo mabati ya paa, maana hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Chukua sehemu mbili za shaba nyekundu kwa sehemu moja ya bati, kwa uzito. Kengele ya kanisa ina bati kiasi cha sehemu moja kati ya tano. Kioo kinataka karibu theluthi. Ukifika hapo wekundu wote unapotea, unapata metali nyeupe, ngumu kuliko shaba na bati vyote viwili, na inayovunjika kama sahani ya udongo. Huwezi kuipiga nyundo wala kuikunja. Ukiidondosha kwenye saruji, unaokota vipande.

Hii si siri ya mtu mmoja. Wachina wa enzi ya Han, miaka elfu mbili iliyopita, walimwaga vioo vyenye bati kama robo. Na kule Aranmula, jimbo la Kerala nchini India, kuna familia chache ambazo mpaka leo zinaishi kwa kazi hii. Vipimo vyao kamili hawampi mtu wa nje, lakini waliopeleka vioo vyao maabara walikuta bati karibu theluthi. Namna yao ya kumwaga ndiyo inayokufaa wewe, sikiliza vizuri. Wanatengeneza vigae viwili vya udongo, wanaviachia nafasi nyembamba katikati, wanaunganisha na kibakuli cha udongo chenye vipande vya metali, wanaziba kila kitu. Kibakuli kinaingia motoni kikiwa chini. Metali ikishayeyuka wanakigeuza chombo chote juu chini, inateremka yenyewe kwenye ule mwanya. Hakuna kumwaga hewani, hakuna uchafu kuingia, na matundu ya hewa yanapungua sana.

Sasa onyo, na hapa sitanii. Alumini yako inayeyuka kwenye digrii 660. Shaba inataka 1085. Kalibu yenye unyevu ni hatari hata kwa alumini, sembuse kwa shaba. Mwaka 1781 mjini Bath, Uingereza, William Herschel, mpiga kinanda wa kanisani aliyegeuka mtazama nyota, alikuwa anamwaga kioo kikubwa cha darubini nyumbani kwake. Kalibu yake ilikuwa ya udongo uliochanganywa na mavi ya farasi, na dada yake Caroline ndiye aliyekuwa akiyatwanga na kuyachekecha. Kalibu ikavuja. Metali ikagusa sakafu ya mawe, mawe yakaanza kupasuka na kuruka mpaka kwenye dari, na watu wote wakakimbilia milangoni. Sakafu ya saruji ni vile vile. Chini ya kazi yako tandaza mchanga mkavu, mnene.

Yeyusha shaba kwanza, uifunike kwa unga wa mkaa isile hewa, halafu ndipo utie bati. Utashangaa: ukishachanganya, mchanganyiko unabaki maji kwenye joto dogo sana kuliko la shaba tupu. Ndiyo maana tanuri lako, likifika 1085 mara moja tu, kazi iliyobaki ni nyepesi. Ikishaganda usiitoe nje ipigwe na upepo. Izike kwenye majivu ya moto hadi kesho yake. Lord Rosse wa Birr, Ireland, aliyetengeneza kioo cha upana wa mita 1.83 kwa darubini iliyoanza kazi mwaka 1845, alikiacha kwenye tanuri la kupoezea wiki 16. Kilikuwa na uzito wa tani tatu hivi. Chako ni cha kiganja, usiku mmoja unatosha.

Mwl_Fizikia (Mbarara)

Mzee, shikamoo. Metali umeimaliza, niachie mwanga.

Fundi, una shida mbili na umezichanganya. Ya kwanza ni rangi. Shaba inameza sehemu kubwa ya mwanga wa bluu na kijani na kurudisha mwekundu na manjano, ndiyo maana mtu wako ni wa manjano. Bati linatibu hiyo. Ya pili ni umbo la uso wa sahani, na hapo ndipo gurudumu la kitambaa linapokuharibia. Kung'aa ni jambo moja, kunyooka ni jingine. Kitambaa ni laini, kinazama kwenye sehemu laini za metali na kuruka zile ngumu, kinaacha vilima na mabonde usivyoviona kwa jicho. Kila kilima kinatupa mwanga upande wake. Mikwaruzo nayo lazima iwe midogo kuliko wimbi la mwanga, ambalo ni karibu nusu ya elfu moja ya milimita.

Dawa yake ni ya kizamani na haihitaji umeme. Usimwage sahani moja, mwaga tatu. Weka unga wa chembe kali wa kusagia metali, pamoja na maji, kati ya ya kwanza na ya pili, usugue. Kisha ya pili na ya tatu. Kisha ya tatu na ya kwanza, na urudie kwa zamu. Ukisugua mbili tu, moja inakuwa na kitumbo na nyingine inabonyea, zinalingana vizuri kabisa na zote mbili ni mbovu. Zikiwa tatu hakuna pa kujificha: umbo pekee linaloweza kulingana na zote ni bapa. Wanaotengeneza meza za kupimia kwenye karakana walitumia njia hii muda mrefu.

Baada ya hapo msasa wa maji, ule wa wapiga rangi wa magari, uliolazwa juu ya kioo kinene cha dirisha. Panda namba polepole mpaka 2000. Mwisho kabisa, badala ya kitambaa, mimina lami ngumu juu ya kigae bapa, ikiwa bado na joto ikandamize kwa sahani yako ili ichukue umbo lake, upake unga mwekundu wa oksidi ya chuma na maji kidogo. Lami inashika chembe za unga bila kudidimia ovyo. Herschel alifanya hivyo kwa mkono, na Caroline ameandika kwamba kuna kioo kimoja alikisugua saa 16 bila kuondoa mikono, naye dada akimlisha vipande vya chakula mdomoni.

Ukimaliza, gusa kioo kwa ncha ya kucha. Kwenye kioo cha dukani kucha na taswira yake havigusani, kuna unene wa kioo katikati kwa sababu fedha au alumini imepakwa nyuma. Kwenye cha metali vinakutana. Watoto wa Jumapili watapenda hilo kuliko sura zao.

Na umwambie mwalimu wa Biblia kwamba kioo cha shaba kilichotengenezwa sawasawa kinaonyesha hata kope. Mpya kinarudisha kama theluthi mbili za mwanga unaokipiga, kwa hiyo sura ni nyeusi kidogo kuliko kwenye kioo cha leo, lakini haina ukungu.

Binti_Bombo

Mimi si fundi, napenda vitu vya zamani tu. Kwenye makaburi ya wafalme wa Kushi kule Nuri, Sudani, walichimbua vioo vyenye mishikio ya fedha, na Wamisri walikuwa na sahani za shaba zenye mshikio wa umbo la mfunjo enzi za mafarao. (Sisi Wanubi wa Bombo tumetoka na askari wa Emin Pasha, yule gavana wa karne ya 19, msianze kunipa ukoo wa Kushi hapa.) Fundi, ukitengeneza cha pili nakinunua, dada yangu anaolewa. Je, kikififia nakisafisha kwa ndimu na majivu kama sufuria?

Mwl_Fizikia

Hapana, dada. Ndimu inatoa weusi lakini inakula uso, na majivu ya jikoni yana chembe za kukwaruza. Kiweke kwenye mfuko wa kitambaa, usishike uso wake kwa vidole. Kufifia ndiko kulikoviua vioo hivi kwenye darubini. Kila vikififia ilibidi visuguliwe upya, na kusugua upya ni kuhatarisha umbo lote. Rosse alikuwa na vioo viwili ili kimoja kikae kazini kingine kikisuguliwa. Katikati ya karne ya 19 mkemia Mjerumani Liebig akaonyesha namna ya kupaka fedha kwenye kioo kwa kemikali, mwanafizikia Mfaransa Foucault akaipeleka kwenye darubini, na tangu hapo kioo kikififia unakipaka upya, umbo haliguswi.

Fundi_Kalibu

Webale nnyo, wazee wangu. Shaba nyekundu ninayo, nyaya za mota zilizoungua. Bati nipate wapi? Waya wa kuunganishia redio unafaa?

Mzee_wa_Masese

Ule wa kawaida una risasi karibu asilimia 40. Usiutie, moshi wake ni sumu na kioo kinapoteza ugumu. Dukani omba ule usio na risasi, huo ni bati karibu wote pamoja na shaba kidogo. Inachekesha, kwa sababu bati linachimbwa huku kwetu kusini magharibi, pande za Mwirasandu na Kikagati, na shaba ilikuwa Kilembe, lakini wewe utanunua bati kwenye kibunda kilichotoka ng'ambo. Nyaya nazo, angalia anayekuuzia. Shaba iliyochomwa usiku inakuletea polisi asubuhi.

Sahani ya upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 8 ni kama gramu 780. Kila moja ipimie gramu 800 za shaba na 400 za bati, kinachozidi kitabaki kwenye mdomo wa kalibu na utakiyeyusha tena. Anza na sahani moja uone metali imetoka nyeupe. Ikiwa bado ina wekundu, bati halijatosha. Ikipasuka ikipoa, majivu hayakuwa na moto wa kutosha.

Na bei, kijana, mtajie huyo mwalimu bei ya kusugua kwa mkono. Usimtajie ya sufuria.