Askari wenzangu, kitambi na presha: tupeane uzoefu

Mtunza Stoo: Wakuu, nilipokuwa kombania ya miguu presha yangu ilicheza kwenye 120/78. Nikahamishiwa stoo: chakula cha mesi kilekile, mbio za alfajiri hakuna, mkanda wa sare ukaanza kudai tundu jipya. Uchunguzi wa mwaka ukasoma 148/94, na wala kichwa hakiniumi. Walinirudia siku tofauti, namba haikushuka. Kwenu ikoje?

Kwata Kali: Mimi kinyume chako. Nabeba vyuma, kilo 96 kwa mita 1.78. Kwa ile hesabu ya BMI, ya uzito kwa urefu, napita 30, naandikwa mnene kupindukia, huku presha ni 118/74. Daktari akachukua futi ya fundi cherehani, kiuno sentimita 88, akaniambia endelea na vyuma vyako. Mwanaume huanza kuangaliwa akifika 94, na 102 ni hatari kubwa.

Tabibu wa Kikosi: Kwata, mkono huo udai mkanda mpana wa mashine ya presha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba; kuna askari alisoma 150 juu, tulipobadili mkanda akasoma 136. Na msipimwe mnahema kutoka gwarideni. Kaa dakika 5 kimya, sigara na kahawa ziwe zimepita nusu saa. Stoo, mafuta ya tumboni huzifanya figo zing'ang'anie chumvi na maji, damu inaongezeka, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Kila kilo 1 ikipungua, namba ya juu hushuka kwa wastani wa pointi 1 hivi.

Goti Bovu: Sasa mimi mwembamba mnaniweka wapi? Kilo 61, presha 152/96! Daktari hakugusa mizani, aliuliza nameza nini. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya goti, kila baada ya matembezi ya mzigo. Akaisimamisha maana hupandisha presha, na sigara za lindo akazipiga marufuku.

Mke wa Afande: Wangu alikuwa anakoroma, halafu pumzi inakatika, anashtuka. Nilikwenda naye kliniki nikasema mwenyewe, maana yeye asingesema. Kumbe ule usingizi nao unapandisha presha. Kitambi kimepungua, dozi imepunguzwa, dawa bado anatumia.

Mtunza Stoo: Nimejipima kiuno sasa hivi, 104. Tabibu, vile vidonge vya kukojoa wanavyomeza watu karibu na siku ya mizani vinafaa?

Tabibu wa Kikosi: Bila kuandikiwa na daktari, hapana. Vinatoa maji, kitambi kinabaki palepale, na ukikimbia juani hivyo tutakuokota njiani. Rudi kwenye mbio taratibu, anza na kutembea, na kile kikopo cha chumvi mezani kisogezee wenzako.

Goti Bovu: Wenzake tena? Kitupwe!