Fundi wa rangi amenitukana mbele ya Grogan nzima, ati "kwani wewe huendesha gari boneti ikiwa wazi?"

TapetiNyekundu

Wasee, naandika hii nikiwa ndani ya gari, nimeegesha hapa Kirinyaga Road, huku Grogan kwa mafundi wa magari Nairobi, mkono unatetemeka na kucha ya kidole gumba ni nyekundu. Sijajikata. Ni rangi. Ni ile rangi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini ndani ya boneti, niliyolipia elfu sita, imehama kwa injini ikaja kwa kidole.

Mnamjua. Simtaji kwa sababu hakuna haja, nusu yenu ndio mlinituma kwake. Yule wa "leta Jumatatu, chukua Jumatano," na Jumatano yake huangukia mwezi mwingine. Yule ukimuuliza kazi imefika wapi anatazama mawingu kama mkulima anayengoja mvua.

Leo amenitazama kuanzia viatu mpaka kichwani akaniambia: "Kwani wewe huendesha gari boneti ikiwa wazi?"

Mbele ya watu! Si pembeni, si kwa simu. Walikuwepo mafundi wa gia, wauza beringi, mama wa chapati, na makanga wa matatu ambayo haikuwa hata na sababu ya kusimama pale. Kicheko kilianzia kwake kikavuka Globe kikapanda Ngara. Mama wa chapati aliacha moja ikaungua.

Habari yenyewe ni fupi. Gari ni Corolla 110, injini 4A-FE, ilikuwa ya marehemu baba. Kava ni alumini na ilikuwa imepauka, nyeupe-nyeupe kama goti la mtoto wa bweni. Nilitaka nyekundu, na nilitaka poda, ile rangi ya unga inayookwa. Nilimwambia mara tatu, nikamwandikia juu ya boksi la plagi: NYEKUNDU. PODA. IOKWE. Akasema, "Ondoa shaka, kiongozi." Wiki ya pili, kando ya kifuniko cha oili, rangi ikaanza kuota malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa na uji. Jana nikapulizia dawa ya breki kidogo nitoe uchafu, nyekundu ikatiririka mpaka kwenye mkono wa shati la kazi. Poda iliyookwa vizuri haikimbii hivyo, na haitoki kwa kucha. Hii inatoka kwa kucha! Nilimwonyesha. Nilikwaruza akiona, ikabanduka kipande kizima kama ganda la ndizi, na chini yake alumini bado ina mafuta. Bado ina mafuta! Hata kuiosha hakuiosha.

Sasa yeye anasema nini? Hasemi lete nirudie. Hasemi pole. Anauliza kama naendesha boneti ikiwa wazi.

Ndiyo, mimi hufungua boneti! Kila asubuhi kabla ya kuwasha: oili, maji, mkanda. Hivyo ndivyo baba alinifunza tukikaa Buruburu, na yeye ile kava alikuwa akiipangusa na fulana kuukuu kila Jumapili kabla ya kanisa. Kwa hiyo naiona. Naiona kila siku ya Mungu. Na huyu mtu, mbele ya watu, mbele ya makanga, ananiuliza kama naendesha boneti ikiwa wazi.

Nataka pesa yangu. Na nataka aseme pole akiwa amesimama palepale aliposimama akinicheka.

KijanaWaUmoja

Pole sana kaka. Swali moja tu kabla sijachangia. Kwani wewe huendesha gari boneti ikiwa wazi?

MamaFielder

Nimesoma hii kwa matatu nikacheka peke yangu, kondakta ananiangalia. Lakini elfu sita kwa kava ya 110? Si hapo hapo Grogan ungepata kava nyingine, safi, na chenji ya nyama?

TapetiNyekundu

Mama, sitaki kava nyingine. Nataka ile ya baba. Na tusitoke kwa jambo: ALINIAMBIA MBELE YA WATU.

FundiLightii

Mimi niko Kariobangi Light Industries, kazi hii nimeifanya miaka. Hiyo haikupakwa poda, hiyo ni rangi ya geti ya mkebe. Poda haina thina ndani yake. Inapulizwa ikiwa kavu, imetiwa chaji ya umeme, na kile kipande kimefungwa ethi, ndiyo inakishika kama vumbi linavyoshika kioo cha runinga. Halafu inaingia oveni, nyuzi 180 mpaka 200 hivi, inayeyuka inakuwa ngozi moja.

Na akikwambia ati imebanduka kwa sababu injini yako inachemka, usikubali. Tapeti kava inakaa karibu na joto la oili, nyuzi mia na kitu. Karai la mandazi ni moto kuliko hapo.

Hata angekuwa na poda ya kweli, kava kuukuu huoshwa, halafu huokwa tupu kwanza. Alumini ya kumwaga, ile iliyoyeyushwa ikamwagwa kwa kalibu, ina vitundu vidogo, imekunywa oili miaka yote hiyo. Usipoitoa jasho kabla, oili inatoka ndani ya oveni na kuinua rangi, unapata malengelenge hayo hayo.

Lakini mimi rangi hainisumbui. Niambie: alisafisha kava kwa kupuliza mchanga? Na kama alipuliza, alitoa kile kibati cha ndani kinachozuia oili isipande kwenye mpira wa hewa?

TapetiNyekundu

Mchanga alipuliza, nilimwona. Kibati sikumwona akitoa. Alisema hakitoki.

FundiLightii

Basi usiwashe hiyo gari. Mchanga huingia nyuma ya kibati ukajificha, ukiosha kwa maji hautoki wote. Injini ikipata moto oili inaushusha kidogo kidogo mpaka kwenye kemshafti na beringi. Toa kava, toa kibati, osha kwa petroli, badilisha oili na filta.

TapetiNyekundu

Nimefungua kifuniko cha oili sasa hivi na tochi ya simu. Nimepitisha kidole ndani kwenye ukingo. Kuna chembe. Nikizisugua kwa vidole zinasaga kama sukuma wiki ambayo haikuoshwa. Wasee, kuna MCHANGA kwa injini ya baba yangu, na huyo mtu amesimama pale akanicheka mbele ya mama wa chapati!

KijanaWaUmoja

Sasa angalau boneti iko wazi.

MamaFielder

Wewe kijana utapigwa.

TurboYaThika

Kaka una bahati, shida yako ni mchanga tu. Huyo huyo mnayemjua alinipakia manifoldi ya ekzosi, lile bomba la kwanza la kutoa moshi kwa injini. Poda ya buluu. Ilipendeza siku moja! Manifoldi ukivuta mlima inapita nyuzi 600, poda ya kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Nilikuwa napanda Limuru na mama mkwe kiti cha nyuma. Moshi ukaingia kwa matundu ya hewa, mama akaanza kuomba kwa sauti, akashuka gari ikitembea. Mpaka leo hapandi gari yangu. Anapanda matatu, na mimi namfuata nyuma.

FundiLightii

Manifoldi ni rangi ya moto ile maalum ama seramiki. Na rangi ya moto hukomazwa kwa hatua: washa, ipoe, washa tena kwa muda mrefu zaidi. Ukivuta mlima siku ya kwanza inatoka magamba.

AlumaMsafi

Ndiyo maana mimi nasema anodaizi peke yake. Haibanduki kwa sababu si rangi ya juu, ni alumini yenyewe imegeuzwa ngozi ndani ya asidi na umeme, rangi inanywewa ndani ya vitundu halafu vinazibwa kwa maji moto. TapetiNyekundu angefanya hivyo, asingetukanwa.

FundiLightii

Si kwa kava ya kumwaga. Hizo zina silikoni nyingi, zinatoka na mabaka ya kijivu kama shuka ya hoteli ya barabarani. Anodaizi ni ya vipande vilivyochongwa kwa alumini safi, kama vifuniko vya oili. Kwa chuma haifanyi kabisa. Na hizo nyekundu na zambarau zinapauka mapema, nimeona nyekundu ikiisha ikawa waridi.

AlumaMsafi

Yangu ni miaka mitatu na bado ni nyekundu.

FundiLightii

Iko ndani ya gereji. Ungekuwa unaendesha boneti ikiwa wazi tungeona.

TapetiNyekundu

Hata wewe mzee?

MamaFielder

Mnalia nyinyi, mimi shemeji yangu alipaka rejeta yangu. Rangi ya fedha, mikono mitatu, ati ing'ae. Vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa vyote vikazibwa kama maandazi yaliyogandana. Nikienda Machakos sindano ya joto inapanda kabla sijafika Mlolongo. Rejeta ni nyeusi nyembamba kabisa ama uiache! Na huyo hawezi kushtakiwa, anakula kwangu kila Jumapili.

DerevaWaKangundo

Rangi, rangi, rangi. Hakuna anayezungumza juu ya wale vijana wa kuosha gari pale, mnawajua. Niliwaambia injini wapanguse tu na kitambaa. Wakaelekeza mpira wa presha katikati kabisa, visima vya plagi vikajaa maji. Gari ilitoka ikiruka kama mbuzi mpaka Donholm. Narudi kuuliza, ananiambia, "Mzee, si umelipia kuoshwa?"

TurboYaThika

Hao hao! Mimi waliniosha kiti kikakaa na maji siku nne, mtoto akaenda shule suruali imelowa nyuma.

TapetiNyekundu

Jamani, kuna mtu Buruburu ana spana ya kumi aniazime jioni? Gari naivuta kwa kamba.

MamaFielder

Mimi walichukua chenji yote ya parkingi, hata ile ya shilingi moja moja. Halafu wakaniwekea hewa ya manukato nikasahau kuhesabu.

DerevaWaKangundo

Na kapeti za miguuni? Niliingia na nne nikatoka na tatu, na moja kati ya hizo tatu ni ya Probox. Mimi nina Noah. Nani hapa amepata kapeti ya Noah, ya nyuma kushoto, ina alama ya chai?