Naomba ushauri: sukari ya binti yangu hupanda mitihani inapokaribia

Ndugu zangu, binti yangu wa kidato cha tatu ana kisukari cha aina ya kwanza, na sukari yake hupanda kila mitihani inapokaribia, ingawa chakula na dozi ya insulini havijabadilika. Daktari alitueleza kwamba hofu huufanya ubongo, kupitia neva, uziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, kisha hufuata kotisoli, na homoni hizo huchochea ini kuachia glukosi kwenye damu. Mwenye kongosho zima hufidia kwa insulini zaidi, jambo ambalo mwili wa binti yangu hauwezi.

Dozi tutaibadilisha kwa maelekezo ya daktari tu. Ninachohofia zaidi ni sukari kushuka ghafla wasiwasi unapoisha. Wazazi na walimu mliopitia hali hii, mlikubalianaje na shule ili mtoto aingie chumba cha mtihani na kipima sukari pamoja na glukosi?