Kikomo cha gharama kinachoamua dawa za wagonjwa wetu kiwekwe hadharani

Wanajamvi, habari zenu. Ninaandika kutoka Dodoma, na sifichi kwamba nina hasira.

Mama yangu mkubwa, mkazi wa Chamwino, anaugua saratani ya matiti. Daktari bingwa alimwandikia sindano, lakini tulipofika dirisha la bima mhudumu alitazama kompyuta, akapiga mstari wa kalamu nyekundu juu ya jina la dawa na kuturudishia karatasi: "Hii haipo kwenye kitita," yaani orodha ya dawa na huduma zinazolipiwa na bima. Niliandika barua kuuliza sababu. Jibu likawa sentensi moja, kwamba dawa hiyo haina tija ikilinganishwa na gharama yake. Nani aliyepima tija hiyo, na kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya ambao dawa inampa mgonjwa umewekewa kikomo cha shilingi ngapi? Hapo nikakutana na ukimya.

Sidai kila dawa ilipiwe. Fedha za afya hazitoshi, na fedha inayokwenda kwenye sindano moja ya bei kubwa huenda ndiyo itakayokosekana kununua dawa ya kuzuia mzazi asitokwe damu katika zahanati ya kijiji huko Bahi au Mpwapwa. Hilo ninalikubali kwa moyo mmoja. Ninachokikataa ni mgonjwa kuhukumiwa kwa kipimo asichoonyeshwa.

Uingereza, NICE, taasisi inayopima dawa zipi zilipiwe na huduma ya afya ya umma, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilitumia kwa miaka mingi kikomo cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya, na hoja za uamuzi huchapishwa ili anayepinga ajue anapinga nini. Thailand walitaja kikomo cha baht 160,000 (fedha ya huko) kwa kipimo hichohicho. Tena huko Thailand usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo ulionekana kuzidi thamani ya fedha, ila mwaka 2008 serikali ikaamua kuugharamia kwa sababu familia zilikuwa zikifilisika, na sababu hiyo ikasemwa wazi.

Asije mtu hapa na ile kanuni inayosema dawa ina tija ikiwa gharama ya kila mwaka wa maisha yenye afya haizidi pato la wastani la mtu nchini likizidishwa mara moja hadi tatu. Ilitokana na tume ya uchumi na afya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2001, na mwaka 2016 wataalamu wa shirika hilohilo walionya isitumike peke yake kuamua, kwa kuwa haigusi kabisa uwezo wa bajeti ya nchi husika.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kutuingiza sote, mkulima wa zabibu na mtumishi wa wizara, katika mfumo huu. Kwa hiyo wanaopanga kitita watangaze kikomo wanachotumia, wachapishe sababu za kila dawa waliyoikataa kwa Kiswahili kinachosomeka, na waweke njia ya rufaa yenye muda maalumu, kwa sababu saratani haisubiri vikao.

Naomba kuwasilisha.