Mfanyakazi analalamika amebaguliwa baada ya likizo ya uzazi. Mimi mwajiri nianzie wapi?

MamaMikate
Habari za jioni wakuu. Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Tabata, Dar es Salaam, tuko watu 18. Dada mmoja alikuwa ameshika njia ya mauzo ya Segerea mpaka Kinyerezi, analipwa mshahara na kamisheni ya kila kreti. Amerudi likizo ya uzazi akakuta njia kapewa kijana mwingine, yeye kapangwa kufungasha mikate zamu ya usiku. Anasema msimamizi alimwambia, "Madukani wanataka mtu asiye na udhuru, wewe una mtoto mchanga." Jana kaniletea barua mkononi, na neno ubaguzi kaliandika waziwazi.

Msimamizi anasema alipanga kwa maslahi ya biashara tu. Ni mchapakazi, tena ni shemeji yangu. Mume wangu anashauri tuwakalishe wote wawili wapeane mikono, yaishe. Naomba ushauri, nawasilisha.

Chuma cha Mbagala
Mkuu, mtu akishaanza mambo ya barua ujue anajiandaa kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Mpe notisi ya mwezi, mlipe stahiki zake, mmalizane mapema.

Mzee wa Chang'ombe
Mama Mikate, huo ushauri wa hapo juu usiufuate hata kidogo. Nimekuwa afisa utumishi kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere hadi nastaafu, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kujitia kesini kuliko kumwachisha kazi mtu aliyelalamika. Atakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na hapo utajibu mambo mawili: kwa nini alibaguliwa, na kwa nini ulimfukuza aliposema.

Sheria yenyewe ni ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka 2004. Fungua kifungu cha 7. Kinataja kabila, dini, ulemavu, umri na mengine, na ndani yake mna ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Kauli ya "una mtoto mchanga" inaangukia hapo hapo. Na mfanyakazi akishaonesha kwamba lalamiko lake lina msingi, ni wewe mwajiri unayetakiwa kuthibitisha kuwa ubaguzi haukuwepo. Kusema "tulipanga kwa maslahi ya biashara" hakutoshi, utaulizwa karatasi.

Kwa hiyo kesho asubuhi mjibu barua yake kwa barua. Mistari mitano inatosha: umeipokea, utachunguza, utampa majibu tarehe fulani, na hakuna atakayemsumbua kwa sababu ya kulalamika. Nakala aisaini, nyingine ibaki kwenye faili. Wakati uchunguzi unaendelea mtoe zamu ya usiku na umlipe wastani wa kamisheni aliyokuwa anaipata. Usimwambie akae nyumbani mpaka mambo yapoe. Wenzake watasema kafukuzwa, naye ataamini hivyo.

Halafu kuchunguza. Shemeji yako asiguse kazi hiyo, wala mume wako, maana ameshatoa hukumu. Tafuta mtu wa nje anayeheshimika, kama kuna chama cha wafanyakazi kiwe na mwakilishi. Kila mmoja asikilizwe peke yake, maneno yake yaandikwe, ayasome, asaini. Chukua daftari la zamu, daftari la kreti, na meseji za simu za kupangiana kazi. Kisha uliza swali hili, nalo ndilo kiini: mwanamume aliyewahi kuugua au kwenda likizo ndefu, aliporudi alikuta njia yake ipo? Kama aliikuta, shemeji yako hana hoja.

La kupeana mikono nalipinga kabisa. Yule dada hajagombana na mtu. Kapunguziwa kipato kwa sababu amezaa, na mkono wa shemeji hauwezi kulipa kamisheni. Usuluhishi una nafasi yake baada ya ukweli kujulikana.

Jambo lingine: akiwa ananyonyesha ana haki ya mapumziko ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ya kazi. Hilo mpangie hata kabla uchunguzi haujaisha.

Binti wa Temeke
Naongeza kama mtu aliyewahi kulalamika, sehemu sitaitaja. Mama, angalia unamwitia wapi. Mimi niliitwa mbele ya wenzangu, nikaulizwa, "Eti unasema umebaguliwa, na nani?" Nilinyamaza. Wakaandika kwamba sikuwa na ushahidi. Baada ya hapo hata chai ya saa nne nilikunywa peke yangu. Mwite mahali pa faragha, asiwepo shemeji hata kwa kupita mlangoni, na umruhusu aje na mtu anayemwamini. Usimharakishe. Kama analia, mwache alie.

Chuma cha Mbagala
Nimesoma, Mzee. Hilo la kifungu cha 7 sikulijua. Asante.

MamaMikate
Shikamoo Mzee, na asante dada. Barua naiandika usiku huu. Nimefungua daftari la kreti: dereva mmoja aliumia mguu akakaa nje muda mrefu, aliporudi alipewa njia yake siku hiyo hiyo. Mwenye kupanga ni shemeji huyo huyo. Ninachojiuliza sasa ni yule kijana aliyepewa njia. Hana kosa, na ana mke na watoto.

Mzee wa Chang'ombe
Marahaba. Ukurasa huo wa daftari upige picha leo. Mtu wa nje akithibitisha, njia irudi kwa mwenyewe na tofauti ya kamisheni alipwe kuanzia siku aliyorudi kazini. Shemeji naye aandikiwe barua ya utovu wa nidhamu kama angeandikiwa mtu baki, apewe nafasi ya kujitetea. Kijana umwite wewe, si msimamizi, umweleze mapema kabla hajasikia vijiweni. Kamisheni aliyoipata ni yake, aliifanyia kazi, asidaiwe hata shilingi. Kama Kimara hamjafika bado, mfungulie njia huko.