Kwa nini modi za Skyrim za Xbox hazipo PS4?

pedi_mkononi
Wakuu habari zenu, naombeni mnieleweshe maana hili jambo linanikera kwelikweli. Nacheza gemu ya Skyrim Special Edition kwenye PS4, binamu yangu anayo hiyohiyo ila yeye yuko Xbox One. Juzi nilikuwa kwake nikakuta ana silaha mpya, maeneo mapya, mpaka watu wenye sauti ambazo kwangu hazipo kabisa, nikaandika majina ya zile modi (nyongeza za gemu wanazotengeneza wachezaji) nikarudi home kuzitafuta kwenye menyu ileile, karibu zote hamna! Naona za kuongeza miti, kubadili hali ya hewa, kupunguza ugumu wa mapigano basi. PS4 haina nguvu au kuna kitu sijawasha?

fundi_wa_usiku
Mkuu hakuna ulichosahau kuwasha, na nguvu sio ishu. Hizo mashine ndani karibu ni ndugu, zote prosesa ya AMD Jaguar koa 8 na RAM GB 8. Tofauti ni ruhusa. Gemu ilivyotoka Oktoba 2016 Xbox walipewa GB 5 za kuweka modi, PS4 GB 1, ila hata hiyo GB 1 sio ndo kubwa. Kubwa ni kwamba Sony hawapokei faili za kutoka nje, modi ya PS4 lazima itumie vitu ambavyo tayari vimo ndani ya gemu. Yaani mtu anaweza kuchukua nyumba iliyopo akaihamishia mlimani, upanga uliopo akauongezea makali, mti uleule akaupanda msitu mzima, lakini akichora upanga wake mwenyewe au akirekodi sauti yake haipiti. Ndo maana umekuta miti mingi. Na kidogo mkose kabisa, Septemba 2016 Bethesda, wenye gemu, walitangaza kwamba Sony hawajakubali modi zifanye kazi inavyotakiwa, mwezi uliofuata wakaelewana kwa masharti hayo.

Afu Creation Kit, programu ya kutengenezea modi, inafanya kazi kwenye PC tu, mtu anatengeneza huko kisha anapakia toleo la kila mashine peke yake. Sasa kama kazi yake yote ni michoro mipya, ya PS4 anaachana nayo.

mzee_wa_psp
Mi naona ni uoga wa kuvunjiwa mashine, na uoga wenyewe una historia. Waliokuwa na PSP, ile mashine ya Sony ya kushika mkononi, mtakumbuka 2005, fimwea 2.00 (programu ya mfumo wake) ilivunjwa kwa picha tu ya TIFF, unaiweka kwenye memori kadi, unaifungua, mashine inaanza kuendesha programu ambayo Sony hawajaipitisha. Picha ya upanga ni faili kama ile, gemu ikiisoma vibaya mlango umefunguka. Xbox One nayo gemu inakaa kwenye mfumo wake peke yake, umetengwa na mfumo mwingine wa mashine, kwa hiyo nahisi Microsoft, wenye Xbox, walikuwa na amani zaidi.

fundi_wa_usiku
Hiyo ya PSP kweli, ila mzee tusiseme Sony ni wabanaji tangu zamani. Gemu ya Unreal Tournament 3 kwenye PS3 ilikuwa inapokea modi zilizotengenezwa kwenye PC, mtu anaziingiza mwenyewe, na ya Xbox 360 iliyokuja 2008 ndo ilinyimwa. Kwa hiyo inategemea nani kashika geti wakati huo na anaogopa nini. Na Sony haohao ndo wana gemu za LittleBigPlanet na Dreams, kule unaunda mpaka gemu nzima ila unaundia humohumo ndani.

pedi_mkononi
Dah asanteni sana nimeelewa, kumbe mtu alitengeneza kitu kizuri ila kimeishia getini, inauma kwakweli. Sasa kwa hii PS4 yangu nifanyeje, nibaki na miti tu?

fundi_wa_usiku
Hapana usikate tamaa, wapo wanaojenga kwa vitu vya ndani tu na wanajua kazi. Tafuta za nyumba za kuishi, za kujaza miji, na za kubadili namna maadui wanavyopigana. Kabla hujawasha yoyote sevu kwanza gemu yako safi, maana ukicheza na modi trofi (zile tuzo za PlayStation) hazihesabiki. Afu weka moja, cheza kidogo, ndo uongeze nyingine, ukirundika zote kwa pamoja gemu ikianza kuganda hutajua ya kutoa ni ipi.